Hivi watu wa karne ya 18 walikuwa na akili kutuzidi? Jibu kwa mwalimu wa historia

Mwalimu mmoja wa sekondari kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo Daktari. Nafundisha historia kidato cha tano na sita. Kila mwaka tukifika Enzi ya Mwangaza kule Ulaya naona aibu. Kitabu kinasema karne ya 18 watu waliamka, wakaacha ushirikina, wakajadiliana kwa hoja. Halafu natoka darasani nafungua simu, grupu la ukoo lina voice note inasema chanjo zinafanya watu wawe wagumba, grupu la staff wanatukanana, na mwanafunzi wangu haandiki hata aya moja bila kuiuliza AI. Je tumerudi nyuma? Wale walikuwa na nini ambacho sisi hatuna?"

Marahaba mwalimu. Swali zuri, ila kuna kitu umekimeza kutoka kwenye kitabu bila kukitafuna, nacho ni kwamba wale watu walikuwa wametulia. Hawakutulia hata kidogo. Kitabu cha shule kinakupa majina ya wanafalsafa walioshinda, Voltaire, Rousseau, Montesquieu, Locke, kinawapanga kama vile wako kikao kimoja wanapeana zamu ya kusema, wakati Voltaire na Rousseau walichukiana mpaka wanaingia kaburini (wamekufa mwaka mmoja, 1778, na nadhani hata hilo lingewaudhi). Matusi yalikuwepo, uongo ulikuwepo, na watu wanaojificha nyuma ya majina ya bandia walikuwa kila kona.

Mimi siku hizi nikifundisha mada hii sianzii Paris. Naanzia Boston, Marekani ya leo, mwaka 1721, wakati huo koloni la Waingereza, kwa sababu pale utalikuta grupu lako la ukoo lote kama lilivyo.

Aprili ya mwaka huo meli ya kivita ya Kiingereza inaitwa Seahorse iliingia bandarini ikitokea Karibi, na ndani yake kuna ndui. Mji una watu kama 11,000, mara ya mwisho ndui kupita pale ilikuwa 1702, kwa hiyo kizazi kizima cha watoto na vijana hakikuwa na kinga. Sasa pale mjini kuna mchungaji anaitwa Cotton Mather, na huyu usimfikirie kama mtu wa mwangaza hata kidogo, ndiye aliyeandika kitabu kutetea zile kesi za wachawi za Salem za 1692. Nyumbani kwake alikuwa na mtumwa, Onesimus, ambaye waumini walimnunulia mchungaji wao kama zawadi mwaka 1706. Miaka kadhaa kabla ya ndui kuingia, Mather alimuuliza Onesimus kama amewahi kuugua ndui, naye akamjibu ndiyo na hapana. Akamweleza kwamba kwao Afrika alichanjwa, yaani unakwangua ngozi ya mkono unaweka usaha kidogo uliotoka kwenye kipele cha mgonjwa, unaugua nyepesi, ukipona ndo umemalizana nayo maisha yote, na akamwonyesha kovu. Mather akaenda kuwauliza Waafrika wengine pale Boston, wakamweleza kitu hicho hicho. Akasoma pia kwenye jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kwamba Waturuki nao wanafanya hivyo.

Ndui ilipoingia Mather akawaandikia madaktari wa mji, jamani tujaribu hii. Akakubali mmoja tu, Zabdiel Boylston, ambaye chuo kikuu hajasoma, udaktari alijifunzia kazini. Tarehe 26 Juni akamchanja mtoto wake mwenyewe wa kiume wa miaka 6 na watumwa wake wawili, ambao, tuseme ukweli, hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Mji ukawaka moto. Novemba, usiku wa manane, mtu akarusha bomu la mkono dirishani kwa Mather, kwenye chumba alicholala ndugu yake aliyekuwa amechanjwa. Bahati utambi ulichomoka lilipogonga dirisha, halikulipuka, na asubuhi wakakuta kikaratasi kimefungwa juu yake, kinamwita Mather mbwa na kumwambia nitakuchanja na hili. Huyo ndo mtu wa karne ya mwangaza mwalimu, anajibu hoja kwa bomu.

Aliyeongoza upinzani sasa, hapa ndipo wanafunzi wangu huwa wanakaa wima, alikuwa William Douglass, daktari pekee pale mjini mwenye shahada ya udaktari. Msomi kabisa. Na aliwadhihaki waziwazi wanaoamini maneno ya Waafrika. Akapata gazeti la kumsaidia, New-England Courant, gazeti huru lisilo la serikali wala la wachungaji, lilianzishwa Agosti ya mwaka huo huo na James Franklin, na toleo la kwanza kabisa likaanza kwa kupiga vita uchanjaji. Aliyekuwa anapanga herufi kiwandani ni mdogo wake wa miaka 15, Benjamin, ndiyo, Benjamin Franklin huyo huyo wa kwenye noti ya dola 100. Mwaka uliofuata huyo kijana akawa anaandika barua 14 kwenye gazeti la kaka yake akijifanya mama mjane wa makamo anayeitwa Silence Dogood, na wasomaji wakaamini. Akaunti feki, mwaka 1722.

Haya, sasa niambie mwangaza ulikuwa upande gani hapo? Mwenye shahada alikosea. Vyombo vya habari huru vilikosea. Aliyepatia ni mtetezi wa kesi za wachawi pamoja na mtumwa Mwafrika ambaye vitabu vingi vya shule hata havimtaji. Na ili nimtendee haki Douglass, hoja zake zote hazikuwa za kijinga. Alisema huyu mtu aliyechanjwa anatembea mjini anaambukiza wengine, na ni kweli, Boylston hakuwa anawatenga wagonjwa wake vizuri. Alisema hamjafanya majaribio ya kutosha. Nalo kweli. Ukimsoma leo bila kujua mwisho wa hadithi unaweza ukamuunga mkono.

Kilichoamua ni hesabu. Ndui ilipoisha walikuwa wameugua kawaida watu karibu 6,000 wakafa 844, kama mmoja kati ya 7. Boylston alikuwa amechanja zaidi ya 240 wakafa 6, kama mmoja kati ya 40. Halafu akaenda London, na mwaka 1726 akachapisha ripoti yake yote, mgonjwa mmoja mmoja, umri, siku aliyochanjwa, ilikwendaje, na wale 6 waliokufa akawaweka humo humo wala hakuwaficha. Douglass mwenyewe baadaye akaja kukubali. Benjamin Franklin naye alichelewa kumchanja mwanawe. Mwaka 1736 mtoto wake Francis, miaka 4, alikufa kwa ndui akiwa hajachanjwa, na Franklin aliandika kwenye kumbukumbu za maisha yake kwamba alijuta sana na kwa muda mrefu, akaliandika kwa ajili ya wazazi wanaoogopa kuchanja. (Ufaransa, nchi ya wanafalsafa wenyewe, mahakama kuu ya Paris ilipiga marufuku uchanjaji ndani ya mji mwaka 1763, na mwaka 1774 ndui ikamuua mfalme Louis wa 15.)

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Hawakutuzidi akili wala adabu. Kelele zao na zetu ni zile zile. Walichokuwa nacho, na siyo wote, wachache tu, ni tabia ya kuhesabu hadharani na kuweka na yale yanayokuumbua. Hiyo ni kazi, siyo hali ya moyo, na ukiiacha mwaka mmoja inakufa mwaka huo huo. Sisi hapa Tanzania mwaka 2020 tuliacha kutangaza takwimu za Corona na tukakaa zaidi ya mwaka mzima hivyo. Unashangaa nini voice note ikijaza hiyo nafasi? Mtu akikosa namba anachukua hadithi ya shangazi, na mimi simlaumu shangazi sana, nawalaumu waliokuwa na daftari wakalifunga.

Tuje kwa mwanafunzi wako na AI. Hapa nakupeleka Königsberg, Prussia, ufalme wa Wajerumani wa zamani, kwa mwanafalsafa Immanuel Kant. Mwaka 1783 mchungaji mmoja wa Berlin anaitwa Zöllner aliandika makala kwenye jarida la Berlinische Monatsschrift kuhusu ndoa, na kwenye tanbihi akauliza kwa hasira kidogo, huu mwangaza mnaousema kila siku ni nini hasa, mbona hakuna aliyejibu? Desemba 1784 Kant akatoa jibu la kurasa chache tu. Wengi wanakumbuka mstari wa kuthubutu kutumia akili yako mwenyewe, lakini sentensi zinazofuata ndizo tamu. Anasema kubaki mtoto ni raha sana: nina kitabu kinachoelewa kwa niaba yangu, nina mchungaji mwenye dhamiri kwa niaba yangu, nina daktari wa kuniamulia nile nini, nisumbuke kwa nini, mradi naweza kulipa wengine watafanya hiyo kazi ya kuchosha.

Ongeza AI kwenye orodha hiyo, wala Kant asingeshangaa. Tatizo lake halikuwa kitabu, yeye mwenyewe kaandika vinene vya kutosha. Tatizo ni kumkabidhi mwenzio uamuzi kwa sababu ya uvivu na woga, hayo ndiyo maneno yake, uvivu na woga. Kwa hiyo usimpokonye kijana simu, muulize tu: hili jibu ulilopewa, ni wapi hukubaliani nalo? Kama hana hata sehemu moja basi hajaandika insha, ameiagiza.

Ila kuna jambo kwenye makala hiyo linalokuhusu wewe zaidi kuliko mwanafunzi, na watu huwa wanalipita haraka. Kant anatofautisha matumizi ya akili ya hadharani na ya faragha, na anayageuza kinyume na tunavyodhani. Kwake wewe ukiwa kazini, darasani, ofisini, jeshini, hiyo ndiyo faragha, kwa sababu pale umeajiriwa kutekeleza kitu, na unaweza ukabanwa. Afisa jeshini akipewa amri hasimami kubishana, anatekeleza. Mchungaji anafundisha katekisimu ya kanisa lake. Lakini afisa huyo huyo na mchungaji huyo huyo, wakikaa jioni kuandika kwa ajili ya umma wa wasomaji, lazima wawe huru kabisa kusema kwamba amri ile ni mbovu na mafundisho yale yana kasoro. Hapo ndipo uhuru usiguswe.

Sasa linganisha na leo. Mwalimu, nesi, karani wa benki, kijana wa huduma kwa wateja, mkataba wake unamfuata mpaka kwenye akaunti yake binafsi saa nne usiku. Akiandika kwamba mtaala mpya una tatizo hapa na pale anaitwa ofisini kujieleza. Kile Kant alichosema kiwe huru kuliko vyote ndicho tumekifunga, na kule alikosema unaweza kubanwa kidogo ndiko tumeachia kila mtu aropoke, maana kwenye grupu la staff mnatukanana hakuna wa kuwauliza. Kwa hili, na ni moja ya mambo machache ambayo nitakubali neno lako la kurudi nyuma, nadhani tumerudi.

Wala usifikiri Kant aliishi kama alivyoandika kirahisi. Alikuwa na mfalme anayemvumilia, Frederick wa Pili, akafa 1786. Akaja mpwa wake Frederick William wa Pili na waziri wake Wöllner, na mwaka 1794 Kant akapokea barua ya kifalme, acha kuandika mambo ya dini la sivyo utaona. Mzee wa miaka 70. Akajibu kwa upole kwamba yeye, akiwa raia mtiifu kabisa wa mfalme huyu, ataacha. Mfalme alipokufa 1797 Kant akasema ahadi ilikuwa kwa mfalme huyo, huyo hayupo tena, na mwaka 1798 akachapisha barua zote mbili, ya kutishwa na ya kujibu, mbele ya kitabu chake kipya. Wengine wanamwita mwoga. Mimi naona alijua kusubiri, ingawa pia ni rahisi kusubiri ukiwa na pensheni.

Naona umewataja Wazungu tu kwenye swali, na hapo ningekuomba kitu kwenye somo lako, usiwafundishe watoto kwamba sisi tulikuwa hatupo. Kuna Anton Wilhelm Amo, kazaliwa kama 1703 Axim, Ghana ya leo, akapelekwa Ujerumani akiwa mtoto, akasoma Halle, akatetea tasnifu Wittenberg 1734, akafundisha falsafa Halle na Jena. Miaka 30 baada ya tasnifu hiyo, 1764, Kant huyo huyo niliyemsifu hapo juu akaandika kwamba Mwafrika fulani alikuwa mweusi kuanzia kichwani mpaka miguuni na huo ni ushahidi kwamba alichosema ni upuuzi. Nasomesha maandishi yote mawili wiki moja, ya 1784 na hayo ya 1764, sifichi lolote.

Na kuna Kilwa. Hii naisisitiza, ila nianzie London kwanza. Karne hiyo Waingereza walikuwa na vijiwe vyao vya kahawa, London cha kwanza kilifunguliwa 1652, unalipa peni moja unakaa, unasoma magazeti, unabishana na usiyemjua. Mfalme Charles wa Pili alitangaza kuvifunga Desemba 1675 kwa sababu ya umbea wa siasa, kelele zikawa nyingi, akaghairi ndani ya siku chache. Wanahistoria wa mawazo wanavipenda sana vijiwe hivyo, wanasema ndipo maoni ya umma yalipozaliwa, na hawadanganyi. Lakini kahawa ile inanywewa na sukari, na sukari inalimwa na watumwa. Kijiwe cha Edward Lloyd, ambacho ndicho kilikua kikawa soko la bima la Lloyd's, meli za watumwa nazo zilikatiwa bima pale.

Kwetu huku, mwaka 1776, mwaka ule ule Wamarekani wanatangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa na mchumi Adam Smith anachapisha kitabu chake cha utajiri wa mataifa, Mfaransa mmoja mfanyabiashara, Jean-Vincent Morice, aliweka mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 (sarafu ya fedha ya wakati huo) kwa kichwa, kwa ajili ya mashamba ya Isle de France, yaani Morisi. Mkataba wenyewe uliandikwa uwe wa miaka 100. Na saini ya sultani ipo, hiyo pia uwaambie watoto. Mfaransa mwingine, Bernardin de Saint-Pierre, aliyekaa Morisi miaka michache kabla, aliandika kwamba hajui kama kahawa na sukari ni lazima kwa furaha ya Ulaya, anachojua ni kwamba zimeleta balaa kwenye pande mbili za dunia. Kwa hiyo walikuwepo walioona wakiwa ndani ya wakati huo huo, tusiwape wengine kisingizio kwamba zama zilikuwa hivyo.

Ulinganisho na leo unajileta wenyewe. Betri ya simu unayofungulia voice note ina madini ya kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka Congo, maeneo ya Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo, watoto wakiwemo, wanashuka kwenye mashimo kwa mkono, na ukiwasikiliza wanaongea Kiswahili kama wewe na mimi. Hata usafi wa mtandao, ile kazi ya kutazama video za mauaji na kuzifuta kabla hazijakufikia, imefanywa na vijana Nairobi kwa mshahara mdogo, kuna kesi ilifunguliwa huko dhidi ya Meta, kampuni yenye Facebook, mwaka 2022. Wanafunzi wakiuliza inakuwaje mtu asome Rousseau asubuhi jioni akate bima ya meli ya watumwa, waambie watoe simu mezani.

Halafu umemalizia na kaswali: mwanafunzi anataka kujua kama kweli Voltaire alisema "sikubaliani na unachosema ila nitatetea mpaka kufa haki yako ya kukisema". Hapana. Aliandika hivyo mwanamke Mwingereza, Evelyn Beatrice Hall, kwenye kitabu chake cha 1906 kuhusu Voltaire na rafiki zake, akiwa anaeleza msimamo wa Voltaire kwa maneno yake yeye, watu wakaweka nukuu wakampa mzee. Baadaye mama huyo mwenyewe alithibitisha kwamba maneno ni yake. Kama mwanafunzi wako ameiweka kwenye status yenye picha ya Voltaire amevaa wigi, mwache aiache, ila jina abadilishe.